Kabla hujamwaga zege la nguzo za chini huku maweni

Kama kiwanja chako kipo Paje, Jambiani au Makunduchi huku Unguja ushajua, ni maweni tu, jembe haliingii. Watu wakishaona jiwe gumu wanahisi msingi ushamaliza, wapandishe ghorofa. Mie naona hapo ndo kazi inaanza, mana jiwe letu ni la matumbawe, maji ya mvua yanalila linatoboka, na pango la Kuza pale Jambiani limo ndani ya jiwe hilohilo tunalojengea.

Kwa hiyo choronga kwanza, na si tundu moja katikati ya kiwanja, kila nguzo ya chini (ile ya zege inayozamishwa ndani ya jiwe kubeba nyumba) na tundu lake, na lipite chini ya itakapoishia nguzo angalau mita 3. Bomba la kuchorongea likizama ghafla au maji yake yakipotea, andika kina papohapo, pana uwazi hapo.

Vipande vya jiwe vinavyotoka vipange kwa mfuatano uvipime. Jumlisha vyenye sm 10 na kuzidi tu, gawa kwa urefu uliochorongwa, yani ukichoronga sm 150 ukapata sm 60 ni asilimia 40, jiwe dhaifu hilo. Mpasuko uliofanywa na mashine usiuhesabu. Na jamani msitegemee jibu la maabara peke yake, kwani kinachopelekwa kupondwa ni kile kipande kilichotoka kizima, vilivovunjikavunjika havipimiki, sasa namba inakuja kubwa kuliko jiwe lilivo kule chini na nyufa zake.

Tuseme nguzo ya duara ya upana wa sm 60 imeingia mita 3 ndani ya jiwe, ubavu wake ni kama mita za mraba 5.65, injinia akikubali tani 20 kwa kila mita ya mraba inakuwa tani 113, gawa kwa 2.5 ya usalama unabaki na tani 45. Mita moja ikiwa pango zinabaki 30 tu! Kitako cha nguzo usikihesabu kama shimo lina tope.

Walio karibu na pwani waangalie bamvua, yani maji makubwa ya bahari, maji ya chini hupanda na bahari, zege likirushwa toka juu linachujika, saruji inaachana na kokoto, bomba la kumwagia lifike chini kabisa. Shimo likimeza zege jingi kuliko hesabu, simamisha umwite injinia.

Nguzo moja ya majaribio ibebeshwe mara mbili ya mzigo wake mkasome inazama milimita ngapi, kabla hamjachimba zilobaki.