Kuvuta kempa Gibb River Road bila kuua tela wala urafiki

Kila mwaka ikikaribia mwezi wa tano kuna mshikaji lazima anipigie, oya na sisi tunataka kwenda ile barabara yenu ya porini, tufanyeje. Nimechoka kurudia kwa simu, ngoja niandike yote hapa, ukishasoma ukanipigia nitajua hukusoma.

Gibb River Road iko Kimberley, kule juu Australia Magharibi, inaanzia jirani na Derby inaishia upande wa Kununurra, kilomita kama 660. Ilichongwa kwa ajili ya kutoa ng'ombe kwenye ranchi kuwapeleka bandarini Derby na Wyndham, hawakuwa na habari na watalii kabisa. Ukisikia 660 unasema si kama Dar kwenda Arusha tu, natoka alfajiri jioni nipo. Sahau. Mwanzoni na mwishoni kuna lami, huko katikati ni rafu rodi ya kokoto na rasta, yaani vile vituta vidogovidogo ambavyo hakuna aliyeviweka, magari yenyewe yanavitengeneza kwa kupita, na vinatikisa gari mpaka unahisi meno yatadondoka. Sisi tulikuwa sita, foo wili mbili, kila moja inavuta kempa, lile tela dogo linalokunjuka likawa hema lenye kitanda na jiko. Tulitumia siku 11 na bado kuna sehemu tumeruka. Ukiwa na siku tano usiende na tela, nenda na hema la kawaida, maana kempa inakufa kwa haraka yako wewe, rasta zinamalizia tu.

Msimu kwanza. Nendeni kiangazi, kati ya mwezi wa tano na wa tisa hivi. Masika yao ni kuanzia Novemba mpaka Aprili, mito inajaa, barabara inafungwa, na hata mwezi wa tano inategemea mvua imeishaje, kwa hiyo angalieni tovuti ya Main Roads, mamlaka ya barabara ya Australia Magharibi, kila siku kabla hamjaondoka. Mwezi wa sita na wa saba mchana ni joto zuri tu la kuogelea, ila usiku kuna baridi, mimi nilibeba shuka moja nikijua naenda tropiki nikaishia kulala na soksi na koti.

Gari na tela. Upande wa kuendesha ni kushoto kama nyumbani, hapo huna shida. Shida ni mkataba wa kukodi, makampuni mengi hayaruhusu magari yao Gibb, kwa hiyo uliza kwa maandishi, isiwe maneno ya mdomo. Sisi wa kutoka Perth tulipanda ndege mpaka Broome tukakodi pale, wenzetu wawili walitoka Darwin na gari na tela lao. Kempa tuliyopewa ilikuwa inang'aa kwa nje, lakini kuja kuangalia tairi ya spea ina nyufa kama kisigino cha mkulima, na sisi tumeshasaini. Usisaini kabla hujapiga magoti ukaangalia chini: springi, shokapu, bolti, tairi zote pamoja na spea mbili, na ile sehemu inapounganika na gari iwe ya kujizungusha pande zote, sio kile kibonge cha kawaida cha kuvutia boti. Breki za tela zijaribu hapohapo uani.

Kupakia ndio watu wengi wanaharibu. Mizigo mizito ikae juu ya ekseli na chini, mbele kidogo kuliko nyuma, ukijaza nyuma tela litaanza kutikisa mkia na litaivuta gari nalo. Na kila kitu kitasugua kila kitu. Makopo ya soda yakigusana siku nzima kwenye rasta yanatoboka, hii sio hadithi, tulifungua friji tukakuta mchuzi wa soda na jibini. Taulo na magazeti katikati ya kila kopo. Mayai tulimpa mtu ayapakate, alilalamika lakini yalifika. Vumbi nalo litaingia, hata tela jipya linavujisha vumbi, nguo na mchele viwe kwenye mifuko ya kufunga.

Chakula. Ukitokea Darwin utakutana na kizuizi cha ukaguzi mpakani unapoingia Australia Magharibi, kabla ya Kununurra, matunda mabichi, mboga nyingi na asali haviruhusiwi kuingia upande wa pili, ni kulinda mashamba yao. Wenzetu walijua, lakini mmoja alikuwa na asali ya mamake, akasimama pale anailamba na kijiko mpaka afisa akacheka, nyingine ikaachwa pipani. Nunueni mboga mkishavuka. Maji tulihesabu lita tano za kunywa na kupika kwa kila mtu kwa siku, mbali na ya kuoshea. Dizeli ipo sehemu chache tu njiani, kama Imintji na Mount Barnett, bei yake utaguna, jazeni tu. Usipite sheli hata kama geji inasoma nusu.

Sasa upepo wa tairi, na hapa naomba usisome haraka. Lami ikiisha, simama, punguza. Sisi gari lilikuwa PSI 38 tukashusha mpaka 28, tela nalo tukalishusha, ila nyie itategemea tairi na uzito wenu. Tairi ikilainika inameza rasta, jiwe likija inabonyea badala ya kuchanika. Lakini ukishapunguza upepo punguza na mwendo, maana tairi laini kwenye spidi inachemka inapasuka. Watu watakwambia kimbia 90 unaelea juu ya rasta, ni kweli unaelea, mpaka ifike kona au ng'ombe, na shokapu za tela wakati huo zinaungua kimyakimya. Sisi tulienda 50 mpaka 60. Kila tukisimama, mtu mmoja kazi yake kugusa kitovu cha gurudumu la tela kwa mkono, kikiwa cha moto kuliko mwenzake ujue beringi inaanza kulia. Asubuhi spana kwenye nati zote. Siku ya tatu tukakuta nati mbili zimelegea, siku ya nne nyingine moja, halafu kuna mtu alikuwa anasema tunapoteza muda.

Simu hamna, zoeeni. Bebeni redio ya UHF, ile ya kuongea gari kwa gari, madereva wa malori wako chaneli 40, na kile kifaa kidogo cha kuitia uokoaji kwa setilaiti, kimoja kwa kila gari. Lori la mifugo lenye matela matatu likija, toka pembeni, simama, subiri vumbi litulie, usijione shujaa.

Kuhusu urafiki, tulijifunza vibaya. Jua mwezi wa sita kule linazama saa 11 na dakika chache jioni, sio saa 12 kama sisi tulivyozoea, na jioni ndio ng'ombe na kangaruu wanapanda barabarani. Siku ya kwanza tulifika kambini gizani, kempa hatujawahi kuikunjua hata mara moja, tochi moja, watu sita wenye njaa kila mmoja fundi. Maneno yaliyosemwa usiku ule sitayaandika. Toka siku hiyo sheria ikawa saa 9 alasiri tumepaki, na nawashauri ikunjueni kempa nyumbani mara mbili kabla ya safari. Hela tuliweka kibubu kimoja, kila mtu kiasi sawa siku ya kwanza, dizeli na chakula vinatoka humo, basi hakuna kudaiana. Na anayekoroma ajitangaze mapema, kempa yake inaegeshwa mwisho wa uwanja. Kwetu alikuwa mimi.

Njiani kuna mengi. Windjana Gorge (gorge ni korongo) utaona mamba wa maji baridi wamelala mchangani, wembamba wa pua, hao ukiwaacha wanakuacha. Ukiendelea kuna Tunnel Creek, pango la mita 750 unapita ndani kwa miguu na tochi, maji ya baridi mpaka mapajani. Jandamarra, mpiganaji wa Wabunuba, wenyeji wa asili wa pale, alijificha humo akipigana na polisi na wenye ranchi, akauawa hapohapo mwaka 1897. Mkipata mwongozaji Mbunuba mchukueni, ni tofauti na kusoma kibao. Bell Gorge na Manning Gorge ni za kuogelea, Galvans ni kutembea kidogo tu kutoka barabarani. Ellenbrae, ranchi ya njiani, wanauza skonzi na jamu, tulikula mbilimbili tukarudi foleni. Zebedee Springs ni chemchemi ya maji ya uvuguvugu, ila wanafunga saa 6 mchana, wahini.

Halafu mibuyu! Hakuna aliyetuambia. Iko kila mahali, minene, kwao wanaiita boab, ni ndugu kabisa wa mbuyu wetu ila aina yake ya peke yake. Tulisimama wote sita kama wajinga tunaigusa, mmoja wetu wa Kondoa akasema sasa hapa wanakosa tu wa kupaka ubuyu rangi.

Mamba wa maji chumvi ni habari nyingine. Jina lisikudanganye, anapanda mpaka mito ya ndani, na anajifunza ratiba yako, ukichota maji sehemu ileile kila asubuhi siku ya tatu anakusubiri. Kambi iwe mita 50 au zaidi kutoka majini, mabaki ya samaki msiache, na pasipo na kibao cha kuruhusu kuogelea, msioge.

Ndio maana Pentecost River, mkienda kwa mwelekeo wetu wa kutokea Derby inakuja karibu na mwisho, inavukwa tofauti na mito mingine. Kwingine unavua viatu unatembea kupima kina. Pale hakuna kutembea, mamba yumo. Unasimama, unaangalia wengine wanapitaje, unauliza kina kwa anayetoka ng'ambo. Foo wili lo, yaani ile ya mwendo mdogo wenye nguvu, gia ya pili, mwendo uleule bila kusimama bila kubadilisha gia katikati, na gari la pili lisiingie mpaka la kwanza limetoka na tela lake, kwa sababu mkikwama wote wawili nani atamvuta nani. Sisi dereva alinyamaza njia nzima ya maji, wa nyuma wote tumeinua miguu kana kwamba inasaidia.

Mkigusa lami jazeni upepo hapohapo, msiseme tutajaza Kununurra. Kausheni breki kwa kuzikanyaga kidogokidogo, kazeni nati mara ya mwisho, halafu pigeni picha tela lote mpaka chini ya tumbo kabla ya kulirudisha, maana mwenye tela atakuta mkwaruzo, na bila picha ni wako.