Jinsi ya kupita kwenye shida na imani yako isibaki njiani

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mi sio mchungaji wala mwinjilisti, ni mshirika wa kawaida tu wa benchi la nyuma, ila nimetoka kwenye miaka miwili ambayo kazi iliisha, bi mkubwa, yaani mama yangu, akaanza kuumwa figo, nami nikaingia kwenye ile mikopo ya riba kali tunaiita kausha damu nikidhani ntarejesha ndani ya mwezi, kumbe ndo nimejichimbia shimo. Watu wananiuliza nilipitaje bila kuacha kusali, nikaona niandike mara moja kuliko kurudia rudia.

Kwanza tuelewane, shida peke yake haimkomazi mtu. Nimeona shida ikimfanya mtu awe mchungu kuliko shubiri, hataki hata kusikia mwenzake kapata. Paulo kwenye Warumi 5 haruki kutoka dhiki hadi tumaini, anapanga ngazi: dhiki inaleta saburi, saburi inaleta uthabiti wa moyo, ndo tumaini linakuja. Hiyo saburi kwa Kigiriki ni hupomone, yaani kubaki chini ya mzigo bila kukimbia, na uthabiti ni dokime, kitu kilichopimwa kikaonekana sio feki. Kazi yako ipo hapo katikati. (Ila kama mzigo wenyewe ni kipigo ndani ya nyumba, mtu asikuambie habari za saburi, toka ukaombe msaada.)

Cha kwanza kabisa kula na ulale. Sitanii. Soma 1 Wafalme 19, nabii Eliya kamkimbia malkia Yezebeli aliyetaka kumuua, kakaa chini ya mti wa mretemu anaomba afe, na Mungu hakumhubiria wala kumwambia imani yako ndogo, kamtuma malaika na mkate na maji, akala akalala, akaamshwa akala tena, mazungumzo yakaja baadaye sana huko mlima Horebu. Mi nilikuwa nakesha kuomba huku nimeshindia chai ya rangi, alafu nashangaa mbona namwona Mungu kama adui.

Pili, acha maombi ya kujikaza. Tumezoeshwa kuomba kama tunatoa ripoti kwa bosi, asante Bwana kila kitu kiko sawa, wakati moyoni unawaka. Chukua Zaburi 13, ina mistari sita tu, isome kwa sauti asubuhi, hiyo "hata lini" iseme kwa jambo lako kwa jina: hata lini nitadaiwa, hata lini mama atatobolewa sindano. Siku mbaya zaidi nenda Zaburi 88, ile haina hata mwisho mzuri, inaishia gizani, na bado ipo kwenye Biblia. Mi nilinunua daftari nikawa naandika kila ninacholalamikia na tarehe, na hapo ndo niligundua kitu, miezi mizima nimelalamika lakini nimelalamika KWAKE, sijaenda kwingine. Nadhani hiyo ndo imani yenyewe, ila zamani nisingeiita hivo.

Tatu, watu. Ukisema kwenye jumuiya "niombeeni nina changamoto" utaombewa changamoto na utarudi nayo nyumbani. Sema nadaiwa kodi ya miezi mitatu. Niliposema hivo kuna mama mmoja alikuja kesho yake na unga na dagaa, akaosha vyombo, akaondoka bila hata kuhubiri, na mahubiri ya mwaka mzima sikumbuki ila yule mama namkumbuka. Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri zile siku saba walizokaa naye chini kimya, walipofungua midomo ndo wakaharibu, na Mungu mwenyewe aliwakemea mwishoni. Kwa hiyo chagua wanaoweza kukaa kimya. Na anayekwambia panda mbegu, yaani toa sadaka ya laki ili ufunguliwe, mpite, Paulo aliomba mara tatu ule mwiba wa mwilini, shida iliyomtesa, utoke na haukutoka, akaambiwa neema yangu yakutosha, sasa wewe unauziwa nini?

Sasa tabia, hapa ndo pagumu na mi ndo niliumia zaidi. Shida itakuonyesha kitu kimoja kukuhusu ambacho ulikuwa hukijui, usikikwepe. Mi ilinionyesha ni mwongo. Nazima simu, namwambia anayenidai niko safarini wakati niko chumbani nimejifunika shuka. Nilianza kidogo tu, kila tarehe tano nawapigia mimi kabla hawajanipigia, nasema nina elfu tano leo na sijui ya mwezi ujao. Wa kwanza alinitukana vibaya sana. Wa pili alikaa kimya akasema asante kwa kunipigia.

Baadaye nikasoma habari za ule Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukasambaa Uganda mpaka huku kwetu, wale ndugu walikuwa na tabia ya kutembea nuruni, wanakutana wanaungama wazi mbele ya wenzao, walioiba wanarudisha vitu. Janani Luwum aliokoka humo mwaka 1948. Tunamkumbuka kwa jinsi alivyouawa enzi za Idi Amin Februari 1977, akiwa Askofu Mkuu wa Anglikana Uganda, baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Amin kupinga mauaji, lakini mi naiwaza ile miaka 29 ya katikati, maana ujasiri wa kumwambia rais ukweli sidhani kama ulianza siku ile ya barua.

Cha mwisho tazama nyuso za wengine. Yusufu aliuzwa akiwa na miaka 17, akasimama mbele ya Farao akiwa na 30, na katikati yuko gerezani kwa kesi ya kusingiziwa, lakini asubuhi moja anaona wafungwa wenzake wamekunja uso anawauliza mna nini leo. Mi nikimpeleka bi mkubwa kusafishwa damu nilianza kuwauliza waliokaa lile benchi la nje majina ya wagonjwa wao, nikawaandika kwenye lile lile daftari.

Bado nadaiwa laki mbili na nusu na yule aliyenitukana. Tarehe tano nampigia.