Kadiria mwenyewe: sayari zinazokalika ni nyingi kiasi gani?

Vijana wa klabu ya sayansi hapa Moshi huniuliza: kati ya nyota mia zinazofanana na Jua, ngapi zina sayari kama Dunia? Ukiwa na Excel, jibu unalo. Pakua majedwali mapema, umeme usije ukakukatia katikati.

Hatua ya 1. Ingia NASA Exoplanet Archive, hifadhi ya mtandaoni ya data za sayari za nyota nyingine, ni bure, uchukue data za Kepler. Darubini hiyo ilirushwa mwaka 2009, ikatazama nyota zipatazo 150,000 kwa takriban miaka minne. Bakiza zinazofanana na Jua, kisha andika idadi yake pembeni.

Hatua ya 2. Weka mipaka: kipenyo mara 0.5 hadi 1.5 cha Dunia, na umbali unaoruhusu maji yasigande wala kuchemka yote. Iandike kabla hujaona majibu, maana kishawishi cha kuisogeza ni kikubwa.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi. Kepler iliona tu sayari zilizokatiza mbele ya nyota zao. Ili kukadiria zile ambazo hazikukatiza, gawa umbali wa sayari kutoka nyota yake kwa nusu kipenyo cha nyota hiyo. Kwa Dunia na Jua, kilomita milioni 150 kwa 696,000 ni kama 215. Yaani ukiona moja, hesabu 215.

Hata zinazokatiza, nyingi hupotea: Dunia hupunguza mwanga wa Jua kwa chini ya asilimia 0.01. Mgeni aliyefika Moshi siku ya mawingu hawezi kusema Kibo, kilele cha Kilimanjaro, hakipo. Ndiyo maana wataalamu hupachika ishara bandia kwenye data, wakaona programu inakamata ngapi. Ikikamata asilimia 20, gawa 215 kwa 0.2: 1,075.

Hatua ya 4. Punguza za uongo. Kepler ilizunguka Jua kwa siku 372 hivi, na kelele za vihisi vyake, yaani ishara zisizotoka kwenye nyota, zilijirudia kwa mwendo huohuo, zikaiga sayari zenye mwaka kama wetu.

Hatua ya 5. Tuchukue namba za mazoezi: nyota 10,000, sayari 2, uhakika asilimia 60 (yaani baada ya kupunguza za uongo, 60 kati ya 100 ni sayari kweli). 2 × 1,075 × 0.6 ÷ 10,000 = 0.129, karibu 13 kwa kila nyota mia. Sasa weka 3 badala ya 2: inaruka hadi 19! Kwa sababu hiyo Steve Bryson, mtafiti wa NASA, na wenzake, mwaka 2021, walitoa sayari 0.37 hadi 0.60 kwa kila nyota, na bado wakaambatanisha ukingo mpana wa makosa. Nami simkubalii mwanafunzi anayeniletea namba moja tupu.