Ukimfuta mkulima, picha zake zinabaki kwa nani?

Ilikuwa Newala, ghalani, msimu wa korosho. Mama mmoja aliyeandikishwa asubuhi ile alifunguliwa ukurasa wake, ikatokea picha ya stakabadhi ya mzee asiyemjua kabisa. Karani akanigeukia. Programu ile ya chama cha msingi cha ushirika wa wakulima niliiandika mimi, na stakabadhi kwa mkulima ni pesa yake. Sikulala mpaka nijue.

Chanzo kilikuwa jedwali la picha. Nililipanga lihudumie wakulima, mizigo na maghala kwa pamoja, kila picha ikiwa na safu mbili: `aina` na `kitu_id`, mfano 'mkulima' na 412. Mpangilio huu ni mwepesi, ila kanzidata haiwezi kuufunga kwa ufunguo wa kigeni (sharti kwamba namba iliyoandikwa hapa lazima iwepo kwenye jedwali jingine), maana ufunguo huo huelekea jedwali moja tu. Ukimfuta mkulima, hakuna kinachokuzuia wala kinachofagia picha zake. Zinabaki yatima.

Yule mzee alikuwa ameandikishwa mara mbili. Nilifuta rekodi ya pili, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho jedwalini. SQLite, kanzidata niliyotumia, usipoweka AUTOINCREMENT (agizo la kutorudia namba iliyokwisha kutumika), humpa anayefuata namba kubwa iliyopo, ongeza moja. Mama akapewa 412 ileile, na picha za mzee zikamwangukia. MySQL, kanzidata nyingine, matoleo ya kabla ya 8.0, nayo huweza kurudia namba seva ikizimika na kuwashwa upya.

Chukua nakala ya kanzidata kwanza, kisha tafuta yatima:

```
SELECT p.id FROM picha p
LEFT JOIN wakulima w ON w.id = p.kitu_id
WHERE p.aina = 'mkulima' AND w.id IS NULL;
```

Rudia kwa kila aina. Lakini angalia: swali hili haliwaoni yatima waliokwisha kupata mzazi asiye wao, kama wale wa 412. Hao utawapata kwa tarehe: picha iliyopigwa kabla mwenyewe hajaandikishwa si yake. Usifute kwa mkupuo. Fungua moja moja. Mimi nilikuta mbili za mzigo halali wa yule mzee, nikazihamishia kwenye rekodi yake ya kwanza.

Baada ya hapo weka triga, yaani amri inayojiendesha yenyewe rekodi ikifutwa, kwa kila jedwali mama (wakulima, mizigo, maghala):

```
CREATE TRIGGER fagia_picha_mkulima
AFTER DELETE ON wakulima
BEGIN
  DELETE FROM picha
  WHERE aina = 'mkulima' AND kitu_id = OLD.id;
END;
```

Kwa MySQL ongeza FOR EACH ROW kabla ya BEGIN, na ujue kwamba rekodi ikifutwa kwa CASCADE ya ufunguo wa kigeni (rekodi mama ikifutwa, zinazoielekea nazo hufutwa), triga hii haiamki.

Kama aina ni chache, mimi ningevunja mpangilio wenyewe: safu `mkulima_id`, `mzigo_id` na `ghala_id`, kila moja na ufunguo wake wa kigeni wenye ON DELETE CASCADE, pamoja na sharti la CHECK linalodai moja tu kati ya tatu ijazwe. Ndivyo nilivyofanya Newala. Kwenye SQLite washa `PRAGMA foreign_keys = ON` kila unapofungua muunganisho, la sivyo funguo zote hizo ni mapambo.

Faili zenyewe za picha kwenye diski zifute mwisho, muamala (mabadiliko ya kanzidata yanayopita yote au kurudishwa yote) ukishakamilika. Ukizitanguliza halafu muamala ukakwama, rekodi itarudi lakini picha ya stakabadhi haitarudi.