Beba kadi kabla ya fleshi

Wewe unayesomea ualimu wa kompyuta na unakaribia mazoezi ya kufundisha, andaa karatasi za manila kabla ya kuandaa fleshi. Mimi nilifanyia mazoezi hapa Tanga mjini, Kidato cha Kwanza, kompyuta chache na watoto wamebanana. Siku ya tatu umeme ukakatika asubuhi, na kila nilichokiandaa kilikuwa ndani ya mashine. Niliumia sana kuona wanafunzi wanaondoka mikono mitupu.

Usiku ule, kwa somo la namba za binari (zinazoandikwa kwa 0 na 1 tu), nilikata kadi tano nikachora nukta: 16, 8, 4, 2 na 1. Kesho yake wanafunzi watano wakasimama mbele, kila mmoja na kadi yake. Kadi ikionyesha nukta ni 1, ikigeuzwa ni 0. Nikawaomba waunde 22 kwa jumla ya nukta zinazoonekana. Wakabishana, wakageuza, wakageuza tena, ikatoka 10110! Binti mmoja wa nyuma akauliza namba kubwa kuliko zote itakuwa ngapi. Wakajumlisha: 31. Ukifika hapo ongeza kadi ya sita, lakini usiwatajie nukta zake. Waache wagundue kwamba kila kadi ni mara mbili ya jirani yake wa kulia.

Kupanga data nako ni hivyohivyo: wapange kwa urefu, ukilinganisha wawiliwawili. Kwa watoto watano, milinganisho haizidi 10.

Kadi ziandike kwenye andalio la somo, safu ya zana, mkufunzi azione. Umeme ukirudi, wafungulie kikokotoo cha kompyuta wahakiki ile 22 wenyewe.