Somo: Kufungua poti ya ruta ili jamaa zako waingie kwenye seva yako ya Minecraft

Wakuu, poti ni mlango wenye namba unaopitisha watu kutoka intaneti. Kabla hujagusa mpangilio wowote, hakikisha kwanza anwani yako ya IP ni ya umma, yaani inafikika moja kwa moja kutoka nje. Mimi niliruka hatua hii, nikakesha.

Angalia anwani ya chaguo-msingi iliyobandikwa chini ya ruta (mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.8.1), ingia, kisha tafuta IP iliyoandikwa upande wa WAN, yaani upande wa ruta unaotazama intaneti. Halafu fungua tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako ya nje. Zikifanana, endelea. Zikitofautiana, hasa ile ya WAN ikiwa kati ya 100.64 na 100.127 au ikianza na 10, uko nyuma ya CGNAT: kampuni imewapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hapo ungefungua poti zote za dunia na bado asingeingia mtu. Intaneti nyingi za laini ya simu ziko hivyo. Mimi huduma kwa wateja waliniambia nizime ruta niwashe. Nimezima, nimewasha, mara sita.

Kama umepita hapo, iliyobaki ni kazi ya dakika kumi.

1. Kwenye kompyuta yenye seva fungua Command Prompt, uandike ipconfig. Tuseme umepata 192.168.1.50. Nenda sehemu ya DHCP ya ruta (inayogawa anwani za ndani) uifunge anwani hiyo kwa kompyuta hiyo, la sivyo kesho itapewa simu ya mdogo wako. Ukiweza, chomeka waya badala ya Wi-Fi.

2. Washa seva, uingie mwenyewe kwa kuandika localhost (yaani kompyuta hii hii). Windows ikiuliza kuhusu Java, ruhusu. Isipofanya kazi humu ndani, nje usihangaike.

3. Kwenye ruta tafuta "Port Forwarding". Nyingine huiita "Virtual Server". Jaza 25565 poti ya nje, 25565 ya ndani, TCP (aina ya usafirishaji wa data), na 192.168.1.50. Hifadhi. Wa Bedrock (Minecraft ya simu, konsoli na Windows), yenu ni 19132, na ni UDP. Ukichagua TCP utamlaumu fundi bure.

4. Fungua faili la server.properties, weka white-list=true, uiache online-mode (inayohakiki akaunti za wachezaji) ikiwa true, kisha waongeze jamaa zako kwenye orodha kwa amri ya whitelist add. Kuna roboti zinazopekua intaneti usiku na mchana zikitafuta 25565 iliyo wazi, na wanaozituma hawaji kujenga nyumba.

Ukiona mtu anakushauri uweke kompyuta yako kwenye DMZ (inayoelekeza poti zote kwa kompyuta moja), mpuuze. Umeombwa mlango mmoja, yeye anakung'olea ukuta.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, jamaa wanaingia vizuri, ila mimi nikitumia IP ya nje inagoma.
Jibu: Ruta nyingi haziwezi kumrudisha ndani mtu aliyetoka humo humo. Tumia localhost, au 192.168.1.50 ukiwa kwenye kompyuta nyingine ya nyumbani.

Swali: Umeme ukikatika tu, IP ya nje inabadilika.
Jibu: Fungua jina la bure DuckDNS, uweke programu yake ndogo kwenye kompyuta. Wape watu jina, namba uachane nazo.

Swali: Mimi sina seva, nataka tu PS4 isiniandikie NAT Type 3 (muunganisho uliobanwa).
Jibu: Washa UPnP (inayoiacha PS4 ijifungulie poti) kwenye ruta, zima na uwashe PS4, kisha pima tena. Ikitoka Type 2 inatosha.

Swali: WAN yangu ni 100.72, na kampuni wanasema laini za nyumbani hawazipi IP ya umma.
Jibu: Pole, tuko wengi. Kama ni marafiki watatu wanne, wekeni wote Tailscale au ZeroTier mjiunge kama mko nyumba moja. Kama hawataki kuweka kitu, tumia playit.gg: wewe peke yako unaiweka, inakupa anwani ya kuwagawia. Ping (muda wa kusubiri jibu la seva) itapanda kidogo. Mimi mwenyewe ndiyo ninayotumia hadi leo.