Kitabu cha picha cha mtoto aliyefiwa, toka penseli hadi uzi

Nafundisha chekechea hapa Malindi, na kila matanga yanapoanuliwa mtaani hakosekani mzazi wa kuniuliza, "Mwalimu, huna kitabu cha kumsomea huyu?" Vya dukani vinavyogusa msiba ni vichache, na vingi vina theluji na mbwa anayelala kitanda kimoja na mtoto, picha ambayo nyumba nyingi za huku haiingii. Kwa hivyo tunavitengeneza wenyewe. Mwongozo huu nauandika baada ya kukaa na mama mmoja jirani wa Maweni ambaye bintiye wa miaka mitano alikuwa akiuliza kila jioni nyanya atarudi lini. Kitabu kina kurasa 16, kinatoka kwenye karatasi nne za A4 zilizokunjwa, na jalada la manila juu yake.

Hatua ya 1: Chagua wanyama

Mchukue mnyama ambaye mtoto anamwona akienda dukani: punda, mbuzi, kuku, paka, hata kunguru. Simba na tembo ni wa watalii. Sungura na fisi nao waache kwenye hadithi zao, kwa sababu mtoto aliyezoea "Paukwa! Pakawa!" akimwona sungura anangoja ujanja, na fisi akitokea anangoja ulafi. Hapa hakuna atakayedanganywa.

Unahitaji watatu: anayekufa, anayebaki, na anayekuja baadaye. Huyu wa tatu ndiye anayewashinda watu, na mfano mzuri wa kumpata tunao hapa hapa kwetu. Desemba 2004 viboko walikuwa wamesombwa na mto Sabaki mpaka baharini, kisha tarehe 26 ikaja tsunami. Kesho yake mtoto mmoja wa kiboko, wa umri wa mwaka mmoja hivi, aliokolewa kwenye mwamba mbele ya Malindi kwa kamba na nyavu, mamia ya watu wakitazama ufuoni. Akaitwa Owen, jina la mmoja wa waliomkamata, akapelekwa Haller Park, bustani ya wanyama kule Bamburi, Mombasa. Kufika tu akamkimbilia kobe mkubwa wa Aldabra aitwaye Mzee, aliyekisiwa kuwa na miaka 130. Kobe hakumtaka. Alimfokea na kujiondokea zake, kiboko akamfuata. Siku zilipopita wakawa wanakula, wanalala na kuingia majini pamoja.

Usikichore kisa hicho chenyewe. Mamake Owen hakuonekana tena, na mtoto aliyefiwa na mamake atakwama papo hapo akuulize yuko wapi. Chukua mambo mawili tu. La kwanza, rafiki mpya hakuwa kiboko. Kama punda wako amekufa, usimletee anayebaki punda mwingine, maana utakuwa umemwambia mtoto kwamba nyanya anaweza kununuliwa mwingine. La pili, urafiki ulianza kwa kukataliwa. Hilo lipe kurasa za kutosha.

Sisi tulichukua punda mzee aitwaye Saburi, mwanambuzi aitwaye Kibuzi, na kuku kishingo, naye tukamwita Kishingo.

Hatua ya 2: Andika kabla ya kuchora

Kunja karatasi nne pamoja upate kijitabu kitupu, kitie namba 1 hadi 16 kwa penseli, kisha uandike maneno humo humo, sentensi mbili au tatu kwa ukurasa. Usikitupe, utakihitaji hatua ya 5.

Mpango ninaoupenda ni huu. Ukurasa wa 1 ni jina la kitabu, wa 2 unamtaja marehemu, 3 hadi 5 ni urafiki, 6 na 7 ni kifo, 8 na 9 ni picha moja pana isiyo na neno, 10 hadi 13 ni majonzi na ugomvi, 14 na 15 ni pale mambo yanapoanza kukaa sawa. Wa 16 uache mtupu, mtoto achore atakacho. Wengi hukiweka kifo mwisho, na kitabu kikaishia kwenye kaburi. Mtoto anajua tayari kwamba pana mtu hayupo. Asichokijua ni kesho asubuhi inakuwaje, na ndiyo maana nusu nzima ya kitabu naiweka baada ya kifo.

Sasa ukurasa wa 6. Mama yule alikuwa ameandika, "Siku moja Saburi hakuamka." Tukalifuta. Mtoto wa miaka minne au mitano hulichukua neno lilivyo: ukimwambia hakuamka, au amelala, usiku ataogopa kufumba macho, au atakuja kukutikisa wewe. Ukimwambia amesafiri, atamngoja stendi. Kuaga, kututoka, kutangulia mbele ya haki, hayo ni maneno ya adabu na atayasikia barazani kwa wakubwa, lakini kitabuni andika kwamba alikufa. Watoto wadogo huona kifo kama jambo la muda, na kuelewa kwamba aliyekufa harudi huja taratibu, kwa wengi kati ya miaka mitano na saba. Kwa hivyo eleza na mwili: moyo umeacha kupiga, hapumui, hali, hasikii maumivu, hatarudi. Ukitaja ugonjwa usiishie "aliumwa", maana mtoto akipata mafua atadhani ni zamu yake. Sema aliumwa sana, kwa ugonjwa ambao dawa hazikuuweza. Tena weka sentensi moja ya kumtoa mtoto lawamani, kwa sababu watoto wengi hudhani ni wao waliosababisha kwa utundu au kwa neno la hasira.

Ukurasa wetu wa 6 ulikuja kusoma hivi: "Saburi alikuwa mzee sana. Asubuhi moja moyo wake uliacha kupiga. Saburi alikufa." Na wa 7: "Kibuzi alimwita. Saburi hakusikia tena. Haikuwa kwa sababu Kibuzi alimkasirikia jana."

Na dini je? Hapa tulibishana kidogo, kwa sababu mama alitaka dua iwe kwenye ukurasa wa 7, na punda hasomewi hitima. Suluhisho ni ukurasa wa 2. Huko anatajwa nyanya mwenyewe kwa jina lake, na maneno ya nyumba yenu, yawe "sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea" au ya kanisani kwenu. Ila "Mungu alimpenda sana akamchukua" nakataa popote. Mtoto ataanza kuhesabu ni nani mwingine anayependwa sana humu nyumbani.

Majonzi nayo yasiwe kilio mfululizo. Watoto hulia, wakacheza, wakarudi kulia. Ukurasa wa 10 Kibuzi anakataa majani, wa 11 anaruka ukuta na mbuzi wengine, wa 12 analiona shogi la Saburi, ule mfuko wa kubebea mizigo mgongoni mwa punda, limelazwa ukutani, vifuko vyake viwili vitupu. Kishingo anaingia humo kutaga. Ukurasa wa 13: "Kibuzi alimpiga kichwa. Toka! Hapa ni kwa Saburi!" Binti alipofika hapo kwa mara ya kwanza alicheka kwa sauti, na mamake akashtuka. Mwachie acheke.

Hatua ya 3: Chora

Penseli HB, kisha wino mweusi, kisha krayoni za nta. Rangi za maji sizitaki, karatasi za kawaida hukunjamana nazo. Chora mwili kwa maumbo mepesi na ukazanie masikio na shingo, kwa sababu kwa punda huzuni yote iko masikioni. Aliyekufa mchore akiwa ubavuni, miguu imenyooka, macho yamefumbwa, bila damu wala inzi. Na kama unachora bahari ya Malindi msimu wa mvua usiipake buluu. Sabaki ikishuka na udongo wa bara, maji huwa kama chai ya maziwa, na mtoto wa hapa atakusahihisha.

Hatua ya 4: Piga picha za michoro

Asubuhi, kivulini, simu ikiwa sawasawa juu ya karatasi. Basi.

Hatua ya 5: Panga kurasa na uchapishe

Saa zote hupotea hapa, kwa hivyo soma mpaka mwisho kabla ya kwenda saiba, yaani duka la kompyuta na kuchapisha.

Kitabu kilichokunjwa hakichapishwi kwa mfuatano wa 1, 2, 3. Karatasi ya nje kabisa upande mmoja ina ukurasa wa 16 kushoto na wa 1 kulia, na nyuma yake wa 2 kushoto na wa 15 kulia. Ya pili ina 14 na 3, nyuma 4 na 13. Ya tatu ina 12 na 5, nyuma 6 na 11. Ya ndani kabisa ina 10 na 7, nyuma 8 na 9. Njia ya kujihakikishia: kurasa mbili zinazokaa upande mmoja, ukizijumlisha, lazima zije 17. Zikija 16 au 18 simama. Namba shufwa daima kushoto, witiri kulia. Ukichanganyikiwa, fumua kijitabu chako cha penseli uone kila namba imekaa wapi.

Angalia pia kwamba 8 na 9 ndizo pekee zilizo jirani katika usomaji na pia ziko kwenye karatasi moja isiyokatika. Ndiyo maana picha pana nimeiweka hapo. Mahali pengine popote nusu mbili za picha hutoka kwenye karatasi tofauti na punda hukatika mgongo. Ndiyo maana tena kifo kinaanzia wa 6: wa 5 uko kulia, Kibuzi na Saburi bado wako pamoja, na mtoto ni lazima afunue kwa mkono wake mwenyewe ndipo akutane nacho.

Kama una kompyuta ya Windows, programu ya bure ya Bloom itakupangia kurasa yenyewe, na ndiyo ninayoipendelea. Kama huna, andaa kurasa kwa mfuatano wa kawaida, kila moja kwa ukubwa wa A5, uzihifadhi kama faili moja ya PDF, na mwenye saiba aifungue kwa Adobe Reader achague uchapishaji wa kijitabu, pande zote mbili, mshono kushoto. Usipeleke faili ya Word. Fonti, yaani aina ya herufi uliyoichagua, ikikosekana kwenye mashine yao, mistari itasogea na neno la mwisho la ukurasa wa 6 litaangukia wa 7. Na usitume picha kwa WhatsApp kama picha, hupunguzwa ubora na krayoni zikawa madoa. Tuma kama hati.

Kisha kugeuza karatasi. Printa inayochapisha pande mbili ina njia mbili za kugeuza, kwa ubavu mrefu au kwa ubavu mfupi. Wewe unataka mfupi, kwa sababu ukurasa umelazwa. Ukichaguliwa mrefu, upande wa nyuma wote unatoka kichwa chini. Kama printa haichapishi pande mbili na kijana wa saiba anageuza kwa mkono, mwombe kwanza achape karatasi moja tu, nyeusi na nyeupe, muikunje pale pale kaunta. Sisi nakala ya kwanza tulipewa imeshakunjwa na kubanwa, tukalipa, tukafika nyumbani tukakuta Saburi amekufa ukurasa wa 4 na amefufuka wa 13. Kwa kitabu cha aina hii hilo si kosa la kuchekea, kwani ni lile lile ambalo mtoto anatumaini kimoyomoyo. Kwa hivyo usiondoke kaunta kabla ya kufunua kurasa zote 16 mwenyewe.

Karatasi iwe ya gramu 100 au 120. Ya 80 huonyesha upande wa pili, na picha yako pana isiyo na neno itakuwa na vivuli vya maandishi.

Hatua ya 6: Shona

Stepla hapana. Chumvi ya hapa huipa kutu pini haraka, kutu hutia doa katikati ya picha, na ncha hukwaruza vidole. Tumia sindano na uzi mnene wa pamba wenye urefu wa sentimita 60, uliopitishwa kwenye mshumaa. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo, kupitia karatasi na manila pamoja. Ingia kwa tundu la kati toka ndani kwenda nje, rudi ndani kwa la juu, ruka la kati utoke kwa la chini, rudi ndani kwa la kati, ufunge ncha mbili zikiukumbatia ule uzi mrefu wa ndani.

Hatua ya 7: Msomee

Mchana, si wakati wa kulala. Usimuulize mafunzo ya hadithi, kitabu si mtihani. Akitaka ukurasa wa 6 mara tatu mfululizo, msomee mara tatu. Akiuruka, uruke naye. Kurasa zetu za 14 na 15 zinaonyesha shogi lile, Kibuzi amejikunja kwenye kifuko kimoja na Kishingo kwenye cha pili, na binti aliamua mwenyewe kwamba cha Kibuzi ndicho Saburi alichokuwa akibebea maji. Sikuwa nimeandika hivyo. Sasa ndivyo kinavyosomwa nyumbani kwao.

Faili jitumie kwa barua pepe, usiiache kwenye kompyuta ya saiba. Nakala ya kwanza itamwagikiwa uji, na binamu walioko Mambrui watataka yao.